Hisabati: kinachomwingiza mwalimu mpya darasani na kinachombakiza

Mwalimu anayehitimu shahada ya sayansi na ualimu katika somo la hisabati hupitia kalkulasi, takwimu na aljebra ya juu ambayo wanafunzi wake wa kwanza hawataisikia kwa miaka mingi, lakini swali linalompima anapopangiwa Kidato cha Kwanza huwa dogo kuliko yote hayo. Ubaoni ameandika −3 − 5, na katika madaftari anayoyakusanya mwisho wa kipindi, mengi yana jibu 8.

Mwanafunzi aliyeandika 8 hakubahatisha. Amefundishwa kwamba hasi kwa hasi ni chanya, ameziona alama mbili za hasi ndani ya swali moja, na ameitumia kanuni ya kuzidisha mahali panapotakiwa kuongeza deni juu ya deni, kwa kuwa anayedaiwa shilingi 3,000 dukani kwa Mangi akakopa tena unga wa 5,000 anadaiwa 8,000, wala hajawa mtu mwenye akiba ya 8,000. Kosa la namna hii lina mantiki yake, na mwalimu anayeitambua mantiki hiyo anaweza kulirekebisha kwa dakika tano, ilhali asiyeitambua, au asiyeona sababu ya kuihangaikia, atapiga alama ya kosa kwa kalamu nyekundu na kuendelea na mada inayofuata.

Tofauti kati ya walimu hao wawili ndiyo inayorejewa kila matokeo ya mitihani yanapotoka na wananchi wanapouliza kama walimu wapya wa hisabati wana motisha. Katika saikolojia ya elimu, motisha ni nguvu inayomfanya mtu aianze kazi, aielekeze juhudi yake upande fulani na aendelee nayo hata inapomchosha. Mijadala ya hadharani huishia katika sehemu ya kwanza, yaani kuanza, kana kwamba kilichomleta mwalimu kazini ndicho kitakachoamua atafundishaje mwaka wa tatu.

Nje ya alama 30

Katika matokeo ya Kidato cha Nne yanayotolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), waliofaulu Hisabati kati ya 2019 na 2022 walikuwa karibu asilimia 20 ya waliofanya mtihani huo, na mwaka 2023 kiwango hicho kilipanda hadi karibu asilimia 25. Kufaulu hapa kuna maana ya kupata angalau daraja D, linaloanzia alama 30 kati ya 100, kwa hiyo hata katika mwaka ulioonekana wa nafuu, takriban watahiniwa watatu kati ya wanne hawakuzifikia alama hizo 30 baada ya kulisoma somo hili tangu Darasa la Kwanza.

Walimu wa hisabati wa miaka ijayo hutoka katika hiyo robo iliyobaki, na hawatoki wote. Mwanafunzi anayefanya vizuri na kuchaguliwa kusoma tahasusi ya PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, hutazamiwa na wazazi wake awe mhandisi, na mwenzake wa EGM, yaani Uchumi, Jiografia na Hisabati, huiona njia ya benki na uhasibu ikiwa wazi. Ualimu huwapata baadhi yao kwa kupenda, huwapata wengine kwa sababu mkopo wa elimu ya juu ulipatikana upande huo, na wengine huujaza katika fomu ya kuomba chuo kama chaguo la pili au la tatu. Waliofaulu wakiwa wachache, wanaoingia ualimu huwa wachache zaidi, shule hukosa walimu, na watakaofaulu kizazi kinachofuata huwa wachache vilevile.

> Hata mwaka 2023, mwaka ulioonekana wa nafuu, takriban watahiniwa watatu kati ya wanne hawakufikia alama 30 katika Hisabati.

Jinsi taifa lilivyowatafuta

Historia ya miaka 20 na zaidi iliyopita inaonyesha kwamba serikali haikungoja wito uje wenyewe. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES), ulioanza 2004, ulizaa shule za kata kwa wingi ambao vyuo havikuwa na walimu wa kuutosha, na pengo hilo likazibwa kwa kuwapeleka darasani wahitimu wa Kidato cha Sita waliopewa mafunzo ya wiki chache, ambao mitaani walibatizwa jina la “Voda fasta”. Mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata vyuo vishiriki viwili vya elimu, kimoja Chang’ombe na kingine Mkwawa mjini Iringa, kisha kikaja Chuo Kikuu cha Dodoma mwaka 2007. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu nayo ikawapa kipaumbele wanaosomea ualimu wa sayansi na hisabati.

Jaribio lililoacha kumbukumbu chungu ni lile la stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi, hisabati na teknolojia ya habari katika Chuo Kikuu cha Dodoma, lililowachukua vijana waliotoka moja kwa moja Kidato cha Nne. Mwishoni mwa Mei 2016 wanafunzi 7,802 wa programu hiyo waliamriwa kuondoka chuoni, kukazuka mvutano bungeni na magazetini kuhusu sifa zao, na baadaye wengi wao wakahamishiwa vyuo vya ualimu. Uamuzi huo ulifanyika chini ya Rais John Magufuli, ambaye mwenyewe aliwahi kufundisha kemia na hisabati Sengerema. Wakati huohuo elimu bila malipo, iliyoanza Januari 2016 hadi Kidato cha Nne, ilikuwa ikiwajaza wanafunzi katika madarasa ambayo vijana hao walikuwa wameandaliwa kuyafundisha.

Katika hatua zote hizo motisha ya kuingia ilitengenezwa kwa mkopo, kwa nafasi ya chuo na kwa ahadi ya ajira. Ni haki kuuliza kama kuna ubaya wowote katika hilo, kwa kuwa watumishi wa mahakama, wa hospitali na wa benki nao huingia kazini kwa sababu zenye mchanganyiko uleule, na hakuna anayewadai wathibitishe mapenzi yao kabla ya kupokea mshahara wa kwanza.

Wito na maslahi

Upande mmoja wa mjadala unashikilia kwamba ualimu ni wito, na kwamba anayeukosa hawezi kuutengenezewa. Wenye msimamo huu hupenda kumtaja Peter Tabichi, mwalimu wa hisabati na fizikia wa shule ya sekondari ya Keriko katika Kaunti ya Nakuru nchini Kenya, ambaye mwaka 2019 alipokea Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani yenye thamani ya dola milioni moja za Marekani, na ambaye alijulikana kwa kutoa asilimia 80 ya mshahara wake kuwasaidia wenye shida. Mfano ni wa kweli na unastahili heshima, ila Tabichi ni bruda wa shirika la Wafransisko, mtu aliyeweka nadhiri ya ufukara, asiye na mke wala watoto wa kulisha, na haiwezekani kuujenga mfumo wa nchi juu ya nadhiri ya mtu mmoja. Jambo jingine katika habari zake hutajwa kwa nadra zaidi, nalo ni kwamba yeye na wenzake waliwafuata wanafunzi waliokuwa nyuma hadi majumbani mwao mwishoni mwa wiki, wakakuza klabu ya sayansi, na wakaona matunda ya kazi hiyo katika mashindano. Hayo ni mazingira ya kazi, na mazingira yanaweza kuigwa hata na asiye mtawa.

Upande wa pili, ambao Chama cha Walimu Tanzania (CWT) kimekuwa sauti yake kwa miaka mingi, unasema motisha ni maslahi: mshahara, nyumba, kupandishwa madaraja kwa wakati na malimbikizo kulipwa. Mwenye shahada huanzia daraja la mshahara la TGTS D, na anaporipoti katika kituo cha kijijini hukuta pango, nauli na wazazi wanaomtegemea vikimngoja. Mwalimu wa hisabati ana faraja moja ambayo wenzake wa masomo mengine hawana, nayo ni soko la tuisheni, lakini soko hilo liko mijini, na kwa hiyo humvuta aombe uhamisho kuliko kumtuliza kituoni.

Katikati ya pande hizi umeingia utaratibu unaoonekana kuwa dawa rahisi, wa kumlipa mwalimu kiasi fulani cha fedha kwa kila alama A au B inayopatikana katika somo lake. Utafiti wa mwanasaikolojia wa Kimarekani Edward Deci, uliochapishwa 1971, unatoa sababu ya kuwa na tahadhari. Wanafunzi wa chuo waliolipwa kwa kila fumbo la vipande walilolitatua walipunguza hamu ya kulichezea fumbo hilo malipo yalipokoma, kuliko wenzao ambao hawakulipwa kabisa. Deci na mwenzake Richard Ryan waliendeleza hoja hiyo hadi ikawa nadharia ya kujiamulia, inayosema kwamba motisha inayodumu hulishwa na mahitaji matatu: mtu kuwa na kauli katika kazi yake, kujiona ana uwezo wa kuifanya, na kuhisi ana uhusiano na watu anaofanya nao kazi.

Utafiti huo umetumiwa vibaya mara nyingi na wasiotaka kulipa. Vijana wa Deci hawakuwa na njaa, wala hawakuwa wakidai fedha za kujikimu tangu walipopangiwa kituo. Mshahara unaotosha humwondolea mwalimu sababu ya kuwaza mengine anapokuwa ubaoni, jambo ambalo ni tofauti na kumnunulia kila alama A, kwani malipo ya aina hiyo humfundisha kuwatazama wale watano wanaoweza kuipata na kuwaacha hamsini na tano walioandika 8.

> Mshahara unaotosha humwondolea mwalimu sababu ya kuwaza mengine anapokuwa ubaoni, jambo ambalo ni tofauti na kumnunulia kila alama A.

Urithi wa fimbo na kanuni

Mbali na wito na maslahi kuna sababu ya tatu, ambayo haipati nafasi kubwa katika mikutano ya wadau, na ambayo makala hii inaona ndiyo yenye uzito zaidi kwa mwalimu wa hisabati aliye mpya. Mwanasosholojia Dan Lortie, katika kitabu chake kuhusu kazi ya ualimu nchini Marekani kilichotoka 1975, alieleza kwamba mwalimu huanza kujifunza kufundisha tangu akiwa mwanafunzi, kwa kuwatazama walimu wake kwa maelfu ya saa, na kwamba miaka michache ya chuo hufua dafu kwa shida mbele ya mazoea hayo. Anachokosa mtazamaji huyo ni kile kilichokuwa kichwani mwa mwalimu: ameona kanuni zikiandikwa, ila hakuona zilivyochaguliwa.

Kijana aliyesoma hisabati Tanzania amebeba urithi wa namna yake. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu adhabu ya viboko visivyozidi vinne, tena kwa mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua, lakini wengi waliosoma wanakumbuka kipindi cha hesabu ambacho fimbo ilizunguka kwa kila aliyekosa jedwali la kuzidisha. Kijana huyo alinusurika kwa kuwa alikariri haraka. Akirudi darasani kama mwalimu, ni rahisi aamini kwamba kukariri haraka ndiyo hisabati, na kwamba asiyeweza ni mvivu.

Imani hiyo hudumu hadi mwanafunzi mmoja auulize msingi wa kanuni yenyewe. Hasi mara hasi inakuwaje chanya? Mwalimu aliyepata daraja A katika aljebra ya chuo kikuu anaweza kukwama hapo, kwa kuwa hakuna aliyemdai maelezo hayo tangu alipokuwa na miaka 14. Njia ipo, wala haihitaji kifaa chochote zaidi ya chaki, na huanza na kile ambacho wanafunzi wanakikubali bila ubishi:

3 × (−2) = −6
2 × (−2) = −4
1 × (−2) = −2
0 × (−2) = 0

Darasa likiulizwa linaona nini upande wa kulia, litasema kwamba kila mstari unaongezeka kwa mbili, na likiulizwa mstari unaofuata, ambao upande wake wa kushoto ni (−1) × (−2), litaandika 2 lenyewe, kwa kuwa jibu lolote jingine litauvunja mfuatano. Mtaalamu wa hisabati atasema huu si uthibitisho kamili, na yuko sahihi, ila kwa mtoto wa Kidato cha Kwanza ni mara ya kwanza kanuni inapotoka mahali panapoonekana.

Maarifa ya aina hii, ambayo si hisabati tupu wala si mbinu za ualimu kwa ujumla, Lee Shulman wa Chuo Kikuu cha Stanford aliyapa hadhi ya pekee mwaka 1986, akiyaeleza kuwa ni ujuzi wa kuligeuza somo liweze kueleweka na asiyelijua, pamoja na kujua mahali ambapo wanafunzi hukosea na sababu ya kukosea kwao. Uhusiano wake na motisha unaelezwa vizuri na Albert Bandura, aliyeandika mwaka 1977 kwamba imani ya mtu juu ya uwezo wake hutokana kwa kiasi kikubwa na kujiona amefaulu katika jambo lenyewe, kuliko kusifiwa au kuhimizwa. Mwalimu mpya aliyeliona darasa likiandika 2 bila kuambiwa ana sababu ya kurudi kesho, sababu ambayo semina ya kuhimizana haiwezi kumpa. Aliyefundisha muhula mzima bila kuiona dakika ya namna hiyo hata mara moja atapungua, hata kama aliingia kazini akiwa na wito wa kutosha watu wawili.

Madaftari 240

Tatizo ni kwamba dakika hiyo ina gharama, na gharama yake inahesabika. Darasa la sekondari linakusudiwa kuwa na wanafunzi 40, lakini mwalimu akikuta 60, akatoa zoezi moja na kutumia dakika mbili kwa kila daftari ili kusoma hatua badala ya kutazama jibu la mwisho pekee, atahitaji saa mbili. Akiwa na mikondo minne, yaani madaftari 240, zoezi hilohilo moja litamchukua saa nane, ambazo ni siku nzima ya kazi bila kuhesabu vipindi vya dakika 40, andalio la somo wala zamu. Mwalimu anayeamua kutazama majibu ya mwisho tu hajakosa moyo, amefanya hesabu.

Hali hiyo huongezewa ugumu na lugha. Mtoto aliyesoma sehemu, kiasi na asili, namba hasi na kipenyo kwa Kiswahili hadi mwisho wa shule ya msingi katika shule ya serikali, anakutana na dhana hizohizo kwa Kiingereza katika Kidato cha Kwanza. Akiandika kwamba nusu ukijumlisha na theluthi unapata mbili ya tano, mwalimu hawezi kujua mara moja kama amejumlisha viasi na asili kwa kutoelewa sehemu, au kwa kutoelewa swali. Akitaka kujua, atageukia Kiswahili, kisha atarudi Kiingereza kwa sababu ya mtihani, na muda utakuwa umekwenda mara mbili.

> Mwalimu anayeamua kutazama majibu ya mwisho tu hajakosa moyo, amefanya hesabu.

Miaka ya kungoja

Kwa wengi, mwaka wa kwanza wa kufundisha hauanzi na barua ya ajira. Wahitimu wamekuwa wakijitolea katika shule za jirani kwa posho ndogo inayotokana na michango ya wazazi, au wakishika vipindi katika shule binafsi. Mwanzoni mwa 2025 Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma iliwaita walioomba kazi ya ualimu katika usaili, utaratibu uliopingwa hadharani na Umoja wa Walimu Wasio na Ajira (NETO), uliowakusanya waliohitimu kati ya 2015 na 2023 na kutaka waliotangulia kuhitimu wafikiriwe kwanza. Kila upande una hoja: serikali inataka kupima, na waliongoja kwa miaka mingi wanasema kilichofifia ndani yao kilififia kwa kungoja. Lililo wazi ni kwamba usaili unapima alichokuja nacho mwombaji siku hiyo, na kwamba uzoefu wa aliyejitolea, ambao kwa mujibu wa Bandura ndio wenye nguvu zaidi, ni mgumu kuupima kwa karatasi ya maswali.

Baada ya ajira kinachofuata ni upweke. Kenya ililitambua jambo hili mapema, na mwaka 1998, kwa ushirikiano na Japani kupitia shirika lake la JICA, ilianzisha mradi wa SMASSE uliowakutanisha walimu wa hisabati na sayansi waliokwisha kuajiriwa ili waandae, wafundishe na kukosoana masomo yao. Tanzania ina Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA), yanayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo yanawataka walimu wakutane katika jumuiya za ujifunzaji shuleni kwao na kujadili mada zilizowashinda. Mpango huu unalenga mahali panapostahili, lakini jumuiya ya walimu wa hisabati inadai wawepo angalau wawili, na katika shule nyingi za kata mgeni anayeripoti hupokewa kwa shangwe kwa kuwa ndiye atakayekuwa mwalimu pekee wa somo hilo. Wiki hiyohiyo hukabidhiwa pia Kidato cha Nne, kwa kuwa mtihani uko karibu na hakuna mwingine wa kukishika.

Wanaopendekeza mwalimu mpya apunguziwe vipindi kwa mwaka mmoja, apewe mikondo miwili ya Kidato cha Kwanza na mlezi wa somo kutoka shule ya jirani, wana hoja ambayo wachache wataipinga kwa maneno. Ratiba, hata hivyo, hupangwa Januari na mwalimu wa taaluma wa shule, na mwenye mikondo minane, mwalimu mmoja wa hisabati na simu kutoka kwa afisa elimu anayeuliza kuhusu matokeo ya mtihani wa moko, hana vipindi vya kupunguza.